Keekee ya Almasi na Mwamba wa Bondo

Lori lenye mnara wa chuma mgongoni likipita katika barabara itokayo Bondo kwenda Usenge, watu huacha kazi zao wakalitazama. Mama aliyeinama katika shamba la mtama hunyanyuka. Karani aliyeketi mbele ya duka huuliza ni la nani. Na kabla ya jua kutua maneno mawili yamekwisha kuenea sokoni. Neno la kwanza ni kwamba ncha ya chuma kile imetiwa almasi, na kwa hiyo bila shaka wenye lori wanatafuta almasi. Neno la pili ni kwamba chini ya udongo wa Bondo kuna mafuta kama yale ya Turkana, ndiyo sababu wageni wamefika. Katika maneno hayo mawili, la kwanza lina nusu ya ukweli, na la pili halina ukweli hata kidogo. Walakini si haki kuwacheka wayasemao. Mambo ya chini ya ardhi hayaonekani kwa macho, na mwenye shamba asiyekijua chombo kinachotoboa shamba lake hawezi kujua kinatafuta nini, wala hajui aulize nini kabla ya kutia sahihi karatasi aletewayo.

Chombo chenyewe ni keekee, ndugu wa ile keekee ya seremala, ila ni kubwa mno, nayo huzungushwa kwa injini. Kichwa chake kilichoko chini kabisa, ambacho mafundi hukiita biti, ndicho kikatacho mwamba. Bomba zote zilizo juu yake ni mkono tu wa kukishika. Vichwa hivyo ni vya namna nyingi, na tofauti zake ni kubwa kuliko tofauti ya jembe na shoka. Vingine vina almasi, vingine havina, na kila kimoja kimetengenezwa kwa mwamba wake na kwa haja yake.

Kwanza yafaa kufahamu almasi inafanya nini pale. Almasi ni kaboni tupu, kitu kile kile kilichomo katika makaa ya kupikia, lakini imekandamizwa na kuchomwa ndani ya dunia, kina cha kilomita 150 na zaidi, hata chembe zake zikashikana kuliko chembe za kitu kingine chochote kitokacho ardhini. Wajuzi wa mawe hupima ugumu kwa ngazi ya 1 hadi 10. Lile jiwe jeupe liitwalo kwatzi, ambalo watafutaji wa dhahabu wa Bondo hulifuata chini kwa chini, lina daraja ya 7. Yakuti ina 9. Almasi ina 10, wala hatua ile ya mwisho si sawa na zilizotangulia, kwani almasi huipita yakuti kwa ugumu mara kadhaa. Kwa hiyo hakuna jiwe ambalo almasi haiwezi kulikwaruza. Lakini jambo moja husahauliwa na wengi: kilicho kigumu si lazima kiwe kisichovunjika. Iweke almasi juu ya fuawe uipige kwa nyundo, itapasuka vipande vipande kama glasi. Kukwaruza na kukata ndiyo kazi yake, kupigwa haiwezi. Jambo hilo ndilo litakaloeleza baadaye kwa nini mtambo wa kuchimba visima vya maji huko Bondo kwa kawaida hauna almasi yoyote.

Tena almasi za keekee si zile za pete. Ng'ambo ya ziwa, katika mkoa wa Shinyanga, upo mgodi wa Mwadui uliogunduliwa mwaka 1940 na Dakta John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada. Mwamba wa almasi wa pale umeenea hektari 146, nao ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Mwaka 1947 ilitoka pale almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, naye Dakta Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya arusi. Habari kama hizo ndizo hukumbukwa. Lakini almasi nyingi zitokazo ardhini ni nyeusi, au za kijivu, au zina nyufa, wala sonara hazitaki. Huko Kongo, pande za Mbuji-Mayi ambako zamani kuliitwa Bakwanga, kwa miaka mingi zilitoka nyingi za namna hiyo kuliko mahali pengi pa dunia, zikauzwa kwa bei ndogo kwenda viwandani kufanya misumeno, mawe ya kunolea na vichwa vya keekee.

Ufundi huu wenyewe una zaidi ya miaka 150. Mwaka 1863 mhandisi mmoja, Bwana Rodolphe Leschot, alipata hati ya Marekani ya kulinda ubunifu wake, ambao ulikuwa ni bomba lenye almasi nyeusi zilizopandwa kuzunguka mdomo wake. Almasi nyeusi za siku zile zilitoka Brazili. Bei yake ilipanda sana kadiri migodi ilivyozitaka, na fundi alizihesabu kila jioni kama mfugaji ahesabuvyo mbuzi wake. Ndipo ilipofika Desemba 1954, wataalamu wa kampuni ya General Electric huko Marekani wakatengeneza almasi kwa mashine, kwa kukandamiza na kuchoma kaboni, na habari ikatangazwa Februari 1955. (Waswidi wa kampuni ya ASEA walikuwa wamefanikiwa tangu 1953, wakanyamaza, sifa ikaenda kwa aliyesema.) Tangu hapo keekee haikutegemea tena bahati ya mchimbaji wa Brazili wala wa Kongo. Siku hizi almasi nyingi mno za kazi ni za kiwandani, na bei yake haifanani kabisa na ya almasi ya sonara. Kwa hiyo yule anayefikiri kwamba kichwa cha keekee kikiibwa kitamtajirisha, atapata chuma na vumbi gumu.

Almasi hizo za kiwandani ndizo zilizogeuza kazi ya visima vya mafuta na gesi. Zamani kichwa kilichotumika sana katika visima hivyo kilikuwa kile kilichobuniwa na Bwana Howard Hughes wa Texas, ambaye alipewa hati yake mwaka 1909. Kilikuwa na magurudumu mawili yenye meno, mfano wa mananasi, na kutoka 1933 yakawa matatu. Magurudumu hayo hubingirika juu ya mwamba na kuusaga kwa uzito. Ni chombo chema hata leo, lakini kina sehemu zinazozunguka, na chenye kuzunguka hulika. Gurudumu likikatika likabaki chini ya kisima cha mita 3,000, halina budi kutolewa kabla ya kazi kuendelea, nao wachimbaji huiita kazi hiyo kwa jina lile lile walitumialo wavuvi wa Usenge: kuvua. Huteremsha ndoana za chuma na sumaku, wakapapasa gizani siku baada ya siku, huku kodi ya mtambo ikihesabiwa kwa maelfu ya dola kila siku.

Katika miaka ya 1970 kikaja kichwa kingine. Unga wa almasi huwekwa juu ya kisahani cha kabaidi ya tangsteni, ambayo ni madini magumu sana ya kiwandani, kisha hukandamizwa kwa nguvu zinazozidi mara makumi elfu uzito wa hewa ituzungukayo, katika joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi, mpaka chembe zote zishikane kuwa jino moja. Jino hilo ni la mviringo, lenye ukubwa wa kifungo cha koti. Mafundi hupanda meno makumi kadhaa juu ya kichwa kimoja. Hakuna gurudumu wala kitu chochote kinachotembea. Kichwa chote huzunguka pamoja na bomba, na kila jino hupara mwamba kama randa iparavyo ubao. Mahali ambapo gurudumu lilisaga, almasi hupara, na kupara kunataka nguvu kidogo kuliko kusaga. Leo vichwa vya namna hii huchimba sehemu kubwa zaidi ya urefu wa visima vyote vya mafuta na gesi duniani.

Faida yake kubwa haiko katika wepesi tu. Kichwa kikichakaa kilindini hapana budi kuvuta bomba zote juu, vipande vya mita 27 hivi, kimoja kimoja, kuvisimamisha mnarani, kubadili kichwa, na kuteremsha vyote tena. Kisima cha mita 3,000 kina vipande zaidi ya 100 vya namna hiyo. Mchana kutwa au usiku kucha hupita, na kisima hakikuongezeka hata kwa shubiri moja. Kwa hiyo kichwa cha almasi kikiwa ghali, lakini kikafika mwisho bila kubadilishwa, ni rahisi kuliko vitatu vya bei ya chini. Mkulima aliyewahi kununua majembe mawili mabovu katika msimu mmoja hahitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Kina udhaifu wake pia. Jino la almasi huchukia joto. Likipita nyuzi 700 hivi, ile kobalti iliyosaidia kuunganisha chembe zake hutanuka kuliko almasi yenyewe, na jino hupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana tope maalum la kuchimbia husukumwa bila kukoma kupitia ndani ya bomba, likatoka katika matundu ya kichwa, likapoza meno na kubeba vumbi la mwamba kwenda juu. Pampu ikisimama kwa muda mfupi tu huku kichwa kinazunguka, mali nyingi imeteketea. Kadhalika kikikutana ghafla na mwamba mgumu wenye mitikisiko, meno huvunjika, kwa sababu ile ile iliyotajwa juu: almasi haipendi kupigwa.

Kwa hiyo nyumbani kwa kichwa hicho ni penye miamba ya matope na mchanga iliyolala tabaka juu ya tabaka, na ndiko nyumbani kwa mafuta vilevile. Huko Turkana, katika bonde la Lokichar, tarehe 26 Machi 2012 ilitangazwa kwamba kisima cha Ngamia 1 kimekuta mafuta. Uganda, kando ya Ziwa Albert, visima vya Kingfisher vilianza kuchimbwa Januari 2023, na jambo la ajabu kwao ni kwamba mtambo umesimama nchi kavu, lakini kisima hupinda chini kwa chini na kwenda kutafuta mafuta yaliyo chini ya ziwa. Mvuvi aliyeko juu na nyavu zake haoni kitu.

Hapa ndipo mtu wa Bondo huuliza: nasi je, hatuna ziwa? Swali ni zuri, na jibu limo katika mwamba, si katika maji. Mafuta hutokana na viumbe vidogo vya majini vilivyokufa, vikazikwa katika matope, vikafunikwa na matope mengine maelfu ya mita, na kuiva kwa joto la ardhi. Turkana na Ziwa Albert ni mabonde yaliyodidimia na kujaa matope hayo. Hata bonde la Kano na Nyanza, upande wa Kisumu, liliwahi kuchorwa katika ramani ya Serikali kuwa kitalu cha kutafutia mafuta, likapewa jina la 12B, kwa sababu lenyewe ni tawi la Bonde la Ufa. Lakini vilima na mashamba ya Bondo yamekaa juu ya mwamba wa namna nyingine kabisa. Ni lava na majivu ya volkano za kale mno, zaidi ya miaka milioni 2,500, iliyopikwa na kukunjwa mpaka ikawa mawe magumu yenye rangi ya kijani, nayo imepenywa na matale. Mwamba huo ulikuwapo kabla dunia haijawa na samaki hata mmoja. Haukuhifadhi mafuta. Ulichohifadhi, katika nyufa zilizojazwa kwatzi, ni dhahabu.

Basi lori likifika Siaya likiwa na keekee ya almasi, aghalabu linatafuta dhahabu, na kichwa chake si kile cha visima vya mafuta. Katika kata za Ramula, na ng'ambo ya mpaka wa Kakamega huko Isulu na Bushiangala, visima vingi vya namna hii vimetobolewa katika mradi ambao kampuni ya Shanta Gold iliununua kutoka kwa Barrick mwaka 2020. Kichwa chenyewe ni pete nene ya chuma, wazi katikati. Chukua kopo lisilo na kitako, lididimize katika ugali uliopoa huku ukilizungusha, kisha livute: mche wa ugali utabaki ndani ya kopo. Ndivyo pete hiyo ifanyavyo katika jiwe. Hukata duara tu, na katikati hubaki mche wa jiwe, mfano wa mche wa sabuni ya kufulia, wenye unene wa milimita 47 au 63 kwa saizi zitumiwazo sana. Mche huingia katika bomba la ndani, na bomba hilo huvutwa juu kwa kamba ya waya bila kung'oa bomba za nje. Kila mara hutoka mita tatu hivi za jiwe, nalo hutoka kwa mpango wake, la juu juu na la chini chini.

Ndani ya pete hii almasi hazikupandwa kama meno. Zimechanganywa, ndogo kama chembe za sukari, katika unga wa madini ulioyeyushwa ukawa kitu kimoja. Na hapa pana siri ambayo fundi mgeni hujifunza kwa hasara. Mtu angedhani kwamba mwamba mgumu unataka pete ngumu. Sivyo. Mwamba mgumu na laini wa uso, kama matale yenye kwatzi, unataka pete laini, ili madini yanayoshika almasi yalike upesi, almasi zilizochoka zidondoke, na mpya zitokeze. Pete ngumu katika mwamba huo hung'aa tu kama kioo. Almasi zimefichwa, keekee inazunguka, mafuta ya injini yanakwisha, na kisima hakishuki. Na kinyume chake, mwamba mlaini wenye mchanga mkali wataka pete ngumu, la sivyo italika kama sabuni mvua ya siku moja. Kwa hiyo stoo ya fundi mwema ina pete za namna nyingi, zenye namba, naye hubadili kwa kusikiliza mlio wa mtambo na kutazama maji yanayorudi juu yana rangi gani. Ujuzi huo haununuliwi pamoja na mtambo.

Miche ya jiwe hupangwa katika visanduku virefu vyenye mifereji, na kati yake huwekwa vibao vilivyoandikwa kina. Mjuzi wa miamba huisoma kama karani asomavyo daftari: hapa mwamba ulivunjika, hapa kwatzi imepita, hapa kuna madini ya manjano ambayo mjinga huyaita dhahabu. Kisha mche hupasuliwa katikati kwa msumeno, ambao nao una almasi. Nusu hupelekwa maabara ikasagwe na kupimwa. Nusu hubaki katika sanduku, kuwa ushahidi kwa atakayetaka kuhakikisha. Dhahabu yenyewe kwa kawaida haionekani. Hesabu hufanywa kwa gramu kwa kila tani ya mwamba, na kuona mtu akipakia visanduku vya mawe garini si dalili kwamba anaiba dhahabu ya kijiji.

Walakini wazee wanaoogopa keekee wana sababu. Mwaka 1930 ilitungwa sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika itakuwa yao daima, na kwamba kipande kikitwaliwa kwa ajili ya jambo la umma, kipande kingine cha thamani sawa kitatolewa badala yake. Kisha dhahabu ikaonekana Kakamega. Watafutaji wakamiminika, na mwezi wa Desemba 1932 sheria ile ile ikarekebishwa, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa uchimbaji bila kutoa nyingine badala yake. Ahadi ya daima ilidumu miaka miwili. Mambo hayo watu wa Nyanza walihadithiana kwa wajukuu, na ni wajukuu hao wanaosimama leo kando ya uzio wakilitazama lori.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 imeandikwa namna nyingine, na kila mwenye shamba karibu na mwamba wa dhahabu angefanya vyema kuijua. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri, hata kama shamba lina hati ya mtu. Lakini haki ya kutafuta au kuchimba madini haitolewi juu ya ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya wazi ya mwenye kuandikishwa, ingawa sheria yasema pia kwamba idhini hiyo isizuiwe bila sababu ya maana. Na madini yakichimbwa, mrabaha unaolipwa hugawanywa: asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali pale. Kutoboa mashimo ya kupima si kuchimba mgodi. Mwenye shamba aweza kukubali la kwanza bila kuwa amekubali la pili, mradi asome alichotia sahihi, na kama hasomi Kiingereza, asomewe na mtu asiyelipwa na mwenye lori. Katika karatasi hiyo yapasa kuonekana ni mashimo mangapi, yatazibwa na nani, na mtama uliokanyagwa utalipwa kiasi gani.

Wengi wanaochimba dhahabu Bondo hawana keekee ya almasi wala hawataipata, kwani gharama ya mche wa jiwe mita kwa mita inazidi mapato yao. Wao hushuka wenyewe kwa kamba, na jicho lao ndiyo keekee. Mapema Desemba 2021 shimo la Abimbo, katika Bondo, liliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Wengine waliokolewa. Mmoja wao alibaki chini, na mwili wake haukutolewa mpaka mwaka uliofuata, miezi mingi baadaye, huku jamaa zake wakingoja juu. Mche wa jiwe uliotolewa mapema huonyesha mahali mwamba ulipooza na mahali uliposhikana, kabla ya mtu yeyote kutia mguu. Haukuwapo. Serikali na wataalamu wanaosema kwamba wachimbaji wadogo wasaidiwe, wangeweza kuanza hapo: mashimo machache ya keekee mahali ambapo watu wanashuka kila siku, na mjuzi mmoja wa kuwasomea visanduku kwa lugha wanayoisikia.

Limebaki lori moja, nalo ndilo lipitalo mara nyingi kuliko yote. Ni lile la kisima cha maji. Watu wa pwani ya Bondo wanaliona ziwa kila asubuhi, lakini maji ya kunywa si rahisi, mvua ni haba kuliko ya nchi ya juu ya Gem na Maseno, na shule, kanisa au mkulima aliyejiweza hukusanya fedha kuchimba kisima. Mtambo unaotumika sana katika mwamba huu ni nyundo ya hewa. Hewa iliyokandamizwa hupita ndani ya bomba na kuipiga nyundo iliyo chini kabisa, zaidi ya mara 1,000 kwa dakika moja, nayo huvunja mwamba kwa vifundo vya kabaidi ya tangsteni. Almasi haifai hapo. Ni mahali pa kupigwa. Wala hakuna haja ya mche wa jiwe, maana anayetafuta maji anataka shimo, si jiwe. Basi mtu akiambiwa kwamba bei ya kisima chake cha maji imezidi kwa sababu ya almasi iliyo katika biti, na aombe aonyeshwe biti hiyo. Ikiwa uso wake una vifundo vya mviringo vya kijivu, mfano wa vichwa vya misumari mikubwa, hiyo ni kabaidi, na neno la almasi liondolewe katika hesabu.

Jambo kubwa katika kisima cha maji si biti. Mwamba wa Bondo hauna maji ndani ya jiwe lenyewe; maji hukaa katika nyufa na katika sehemu ya juu iliyolegea kwa kuoza. Visima viwili vilivyo hatua mia mbali vyaweza kutofautiana, kimoja kikatoa maji ya shule nzima na cha pili vumbi. Kwa hiyo fedha ya kwanza ni ya mpimaji anayetafuta nyufa kwa vyombo vyake, na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kabla lori halijawashwa. Mwenye kuchimba hulipwa kwa mita, na katika mwamba usio na nyufa kila mita inayoongezeka ni mita ya bili.

Hewa inapotoka kisimani hurusha juu vipande vya jiwe na vumbi lake. Mchimbaji mwaminifu huchota sampuli kila baada ya mita moja au mbili, akazipanga chini mstari mmoja, vilima vidogo vya rangi mbalimbali: nyekundu ya udongo, kahawia ya mwamba uliooza, kisha kijani kibichi. Palipobadilika rangi huandikwa daftarini, na palipotoka maji huandikwa saa. Mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati asimame hapo na daftari lake mwenyewe, ahesabu bomba zinazoshuka na kuziandika, na lori likiisha kuondoka akusanye vilima vile katika mifuko, aifunge, aiandike kina, na kuiweka kabatini pamoja na hati ya shamba.